Mpishi Aliyemuua Mfalme

Mkataba wangu wa kazi za nyumbani uliisha nikiwa mtaa wa Nasim, huko Riyadh, na madam akasema ningoje Ramadhani ipite. Ikapita. Akasema ningoje hija. Nikangoja, ningefanya nini, pasipoti ilikuwa kwa kabati lake. Kila nikiuliza, jibu lilikuwa lile lile: bosi hajakubali. Bosi, mume wake, alifanya kazi Jeddah, alikuja nyumbani Ijumaa akiwa hoi, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumsemesha.

Mchana nikipiga pasi, wasichana wao wawili walikaa kwa zulia wakidai hadithi. Nikawatungia ya mwanamke wa enzi za wafalme wa kale, ambaye kazi yake ilikuwa kuua watu kwa siri. Sasa, mikuki na panga mimi sizijui. Jikoni napajua. Kwa hivyo nikamfanya mpishi, mama mpole, anainamisha kichwa, anaingia ikulu bila mtu kumtazama, anamtilia mfalme sumu kwa mchuzi. Jameni, walivyoipenda. Kiarabu changu cha kuokota hakikuwasumbua hata kidogo.

Ijumaa moja, familia imezunguka sinia ya wali na nyama niliyopika mimi, yule mkubwa akamsimulia baba yake hadithi yote, mpaka mfalme anavyotoka povu. Mikono ikasimama. Madam akaniita, akaniamuru nionje. Nikaonja. Akasema nionje na upande wa pili. Nikaonja huko pia, na nyama nikachukua, maana ilikuwa hapo. Lakini haki ya Mungu niliogopa. Nilijua wasichana wa kazi waliopelekwa polisi kwa neno dogo kuliko hilo.

Bosi alinitazama. Sidhani alikuwa amewahi kunitazama.

“Huyo mpishi,” akauliza, “mfalme alimkosea nini?”

Watoto nao wakanigeukia, kwa sababu hilo sikuwa nimewaambia.

“Mkataba wake uliisha, baba,” nikasema. “Alitaka kwenda kwao, wakamkatalia.”

Bosi akapangusa vidole, akamuuliza mkewe mkataba wangu uliisha lini. Madam akatazama wali. Basi nikajibu mimi, mwezi na mwaka, kwa hasira niliyokuwa nimeimeza muda wote huo.

Wiki hiyo nikapata pasipoti yangu na ruhusa ya kuondoka. Watoto walinisindikiza hadi mlangoni, wanataka kujua kama yule mpishi alishikwa. Nikawaambia hakushikwa, nikaingia kwa gari.