Dhahabu Nyekundu na Chumvi ya Mama

Nikisema kwamba miaka ile nilifanya kazi na dhahabu Bungoma, watu hutazama vidole vyangu kutafuta pete. Hakuna pete. Dhahabu yangu ilikaa ndani ya chupa ya maabara, na ilikuwa nyekundu, kama divai ya kanisani iliyoongezwa maji. Ukiivunja dhahabu hadi chembe zake zisionekane kwa macho, umanjano huisha na wekundu huingia. Siku nilipoipata rangi ile kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, na sikujali nani ananisikia.

Nilikuwa nikitengeneza kijiti cha kupima mahindi. Mahindi yakiota ukungu huweza kubaki na sumu usiyoiona wala kuionja, na huharibu ini taratibu. Kijiti changu cha kaboni kilipitishiwa umeme kidogo, na sumu ikiwepo, umeme ule ulibadilika. Shida ni kwamba badiliko lenyewe lilikuwa dogo mno, mashine haikulisikia. Hapo ndipo dhahabu ilipoingia. Chembe zake zilibeba protini za kuinasa sumu, na kwa kuwa dhahabu hupitisha umeme vizuri, kilichokuwa mnong'ono kikawa sauti.

Msimamizi wa utafiti wangu chuoni, mhadhiri mzaliwa wa Bungoma, hakuipenda kazi hii hata kidogo.

"Madam, dhahabu na mahindi, wapi na wapi?" aliniambia. "Si utafute kitu ya saizi yetu."

"Saizi yetu ni gani, Daktari?"

Alisema sumu ya kununuliwa kwenye kichupa haimshtui. Anataka kuona kijiti kikipima mahindi yaliyotoka ghalani mwa mkulima. Kikishindwa kabla ya muhula kwisha, kazi inafungwa, na mimi niende nikafundishe sekondari. Ualimu ni kazi ya heshima. Lakini kufukuziwa huko kama mbuzi aliyeingia shamba la watu, hilo sikulikubali.

Nikaenda nyumbani Kibomet, Kitale, kwa mama. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati wakiwa vijana, na mama anayapenda mahindi yake kuliko alivyowahi kutupenda sisi. Alinijazia mfuko. "Hii nimepima mwenyewe, mami," alisema. "Imekauka mzuri."

Kule Bungoma nikayasaga, nikayaloweka, nikachuja maji yake na kuyatia kwenye dhahabu mbele ya msimamizi. Wekundu ukageuka buluu palepale, kisha kijivu, na chembe zikashikamana zikatuama chini kama machicha. Kijiti hakikusoma kitu. Nilirudia, ikawa vilevile.

"Ati sasa imekuwa wino," msimamizi alisema, akachukua koti lake.

Nilikasirika. Dhahabu yangu haikuwa imenifanyia hivyo hata siku moja. Kulikuwa na kitu kwenye mahindi yale, na nikaapa sifungi kazi hii kabla sijakijua.

Nikarudi Kibomet. Nilimkuta mama uani na chupa ya soda. Wakulima wa kwetu wanaijua kazi ile: unatia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, unatikisa, na chumvi ikigandama kwenye kioo ujue mahindi bado yana maji. Mama alitikisa, akatazama, akaridhika. Halafu akamimina vyote, mahindi na chumvi yake, kwenye karai lile lile alilotumia kunijazia mfuko. Mama hatupi chumvi.

Nikakaa chini pale pale. Chembe za dhahabu husukumana, ndiyo maana hazishikani. Chumvi huua ule msukumano. Nilitamani kulia kwa furaha. Badala yake nikamwomba mahindi ambayo hayajapita kwenye chupa.

"Kwani chumvi yangu iko na shida gani?"

"Haina shida, mum. Ni dhahabu inaiogopa."

"Dhahabu gani hiyo ya kuogopa chumvi?" alisema, lakini akanifungulia gunia.

Msimamizi hakutaka kurudi maabara. Nilisimama mlangoni mwa ofisi yake hadi akachoka kunitazama. Safari hii wekundu ulibaki wekundu. Nikadondosha tone kwenye kijiti, nikapitisha umeme, na mstari kwenye skrini ukapanda. Nikapima mahindi mengine tuliyojua ni safi, ukalala. Nikarudi kwenye yale ya mama, ukapanda tena: yalikuwa na sumu. Mvua ilikuwa imeyakuta shambani wakati wa mavuno, yakaota ukungu. Jua lilikuja likayakausha, ukungu ukapukutika, sumu ikabaki. Chumvi ya mama haikusema uongo; ilijua maji tu.

"Imefanya kazi," msimamizi alisema. "Lakini hii ni ya mamako. Kwa ripoti tuseme tu ilitoka soko. Usimwaibishe."

"Tuseme ilipotoka, Daktari. Mama yangu hajaiba kitu."

Nyumbani nilimwambia mama bila kuzunguka. Alifungua leso yake, akaifunga upya. Nilimwonea uchungu mwingi, ila sikuyarudisha maneno yangu. Wiki ile ile akaja mnunuzi, mtu wa kupeleka mahindi Suam, mpakani mwa Uganda, na chupa yake ya chumvi mkononi. Akatikisa, chumvi haikugandama, akafurahi. Mama akamwambia hauzi, mahindi yana sumu.

"Lakini imekauka, mama," mnunuzi alisema. "Na huko nani atajua, bana?"

"Mimi najua. Mtoto wangu amepima na dhahabu. Toa hiyo chupa kwa boma yangu."

Tuliyafukia nyuma ya zizi, mimi na yeye, na msimu ule familia ya wakulima wa Kitale ikala unga wa duka. Tulipofika gunia la mwisho mama aliegemea jembe. Akaniuliza kama niliyala yale mahindi aliyokuwa akinipa nikapike Bungoma, mwaka ule mzima, kutoka magunia haya haya.

"Ndiyo, mum," nikasema.

Mama akashuka tena shimoni, akaendelea kuchimba.