Siku Niliyomwandikisha Binti Yangu Kuwa Hajimudu

Binti yangu ana miaka ishirini na sita. Alizaliwa mkono na mguu wa kulia vikiwa vizito, na maneno yake hutoka polepole. Kichwa hakina neno. Kidato cha nne alimaliza vizuri, akawaacha nyuma wengi wenye miguu mizima na ndimi nyepesi.

Tulipokwenda kumwombea msaada wa watu wenye ulemavu, afisa, kijana mwenye tai fupi, aliniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamruka binti kwa macho kama kiti kitupu.

"Mzee, huyu anaelewa?"

Nilitaka kumuuliza kama yeye anaelewa. Lakini jirani yetu kule kijijini Mollo alishanionya: fomu ina visanduku viwili, anajimudu na hajimudu, na ukiweka tiki kwenye cha kwanza unarudi mikono mitupu. Kwa hiyo njiani nilikuwa nimemwambia binti akae kimya, mdomo auache wazi kidogo. Alinitazama tu. Akatii.

"Haelewi sana," nilisema. Nikaweka tiki, nikasaini, nikajiona mjanja.

Msaada ukaja: mfuko wa sembe na miche ya sabuni. Fikiria mtu msomi, mwenye digrii na gari la ofisi, anamletea Mfipa, mkulima kama mimi, mahindi. Stoo yangu ilikuwa na magunia mpaka panya wanachagua. Hata hivyo tulipanga mstari tukapigwa picha, na aliyetabasamu kuliko wote ni mimi.

Mwaka uliofuata tangazo lilibandikwa kwenye ofisi zao za mjini, Malangali: karani wa masjala, nafasi ya mtu mwenye ulemavu. Binti aliomba mwenyewe, akaitwa kwenye usaili. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje. Haukupita muda nikaitwa ndani. Mezani, katikati ya wasaili wenzake, alikuwa yuleyule mwenye tai, na faili letu mbele yake.

"Mzee, hapa umeandika hajimudu. Ulidanganya siku ile, au mnatudanganya leo?"

Watu wa ajabu hawa. Ili upate unga lazima uwe gogo, ili upate kazi lazima uwe mzima. Mlemavu wanayemtaka bado hajazaliwa. Dharau ya kuwamwagia nilikuwa nayo tele, ila saini pale chini ilikuwa yangu. Niliona aibu.

Binti alinigeukia. "Baba. Waambie."

"Nilidanganya," nikasema.

Afisa akasema basi hilo liandikwe, la sivyo usaili umeishia hapo. Akanisogezea karatasi. Binti akaivuta kwake, akaandika kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku wao wakitazama saa. Alipomaliza akanipa nisaini. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mimi ni mtu mzima, na siku ile hakuna aliyeniuliza, hata baba."

Nikasaini, nikatoka, nikawaacha wamuulize yeye.