Karakana ya Majeneza, Jebel

Nilikwenda Juba kwa sababu Yohana Lado alinipigia simu akiwa amekasirika, na Lado si mtu wa hasira. Ni seremala aliyerudi kwao Juba kutoka ukimbizini Uganda baada ya mkataba wa amani. Kabla ya kurudi alikuja Nairobi kununua mashine kuukuu za kiwanda chetu cha samani, ambako mimi ni msimamizi wa karakana, na huko ndiko tulikojuana. Sasa alikuwa akiunda majeneza. Familia zilimngoja kutwa nzima huku maiti iko nyumbani, katika joto lile, na wengine walimlaani mbele ya mafundi wake.

"Madam Mumbua, kuja uone," alisema. "Watu iko nalia mara mbili."

Kutoka Nimule, mpakani mwa Uganda, basi letu lilianza safari ya vumbi. Kando ya barabara yalipangwa mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, kuonya kwamba mabomu ya ardhini yangali huko. Abiria waliotaka kujisaidia walibaki barabarani, wanawake nyuma ya basi, wanaume mbele. Hakuna aliyefanya mzaha. Niliogopa, nikajituliza kwa kuwaza kazi.

Kazi niliijua. Kiwandani tulikuwa tumeacha kuunda viti na kuvirundika boharini tukiomba Mungu alete wanunuzi. Tulimwacha mteja aivute kazi: duka likiuza kabati moja, sisi tunaunda moja kuziba pengo, basi. Na kwa kile kinachotakiwa ghafla, tuliweka akiba ndogo iliyo tayari.

Mtaani Jebel, Juba, nyuma ya soko, nilimkuta Lado na mafundi wake wawili. Kila jeneza lilianza kwenye mbao ghafi. Mfiwa akishafika, ndipo wanapopasua na kupiga randa, na jenereta nayo inakataa kuwaka. Jibu niliona liko wazi kabisa.

"Undeni jeneza moja, likae tayari," nilisema. "Likichukuliwa, undeni lingine."

Mafundi waliweka chini misumeno yao. Lado akanivuta kando.

"Hiyo mafi, hiyo hapana, madam. Haiwezekani. Sanduku ikikaa bure, inaita mtu."

"Lado, wewe si Mkristo?"

"Mimi iko Mkristo. Lakini mimi iko na watoto."

Niliondoka nimenuna, nikalala kwa rafiki yangu mwalimu mtaani Nyakuron, nikiona nimekula vumbi lote lile ili nishindwe na woga wa watu.

Asubuhi hasira ilikuwa imepoa. Nilimuuliza Lado: mbao zikipasuliwa, zikapigwa randa, zikaegemezwa ukutani bila msumari hata mmoja, hizo ni nini?

"Hiyo ni mbao," alisema. "Mbao haiiti mtu."

Mafundi wakakubali. Tulifanya kazi mpaka mchana, na seti ya kwanza, ya jeneza moja, ikasimama ukutani, mbao ndefu za mtu mzima. Nilijiona fundi wa mafundi.

Alasiri aliingia mama mmoja kutoka mtaa wa Gudele pamoja na kaka yake. Alionyesha kwa mikono urefu aliotaka, na mikono yake haikuachana sana.

"Malesh, mama, pole," Lado alimwambia taratibu. Fundi alizilaza zile mbao, akazipima upya, akakata zaidi ya nusu. Misumari ikagongwa. Kabla mama hajamaliza maji tuliyompa, jeneza la bintiye lilikuwa tayari.

Alinishika mkono. "Asante, dada. Yeye hakungoja."

Nililia palepale, mbele ya wote.

Siku ya kurudi, Lado alisimama mbele ya ukuta uliobaki mtupu. Nilikuwa nimemfundisha kwamba kinachorudishwa ni kile kile kilichochukuliwa. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama apasue za urefu ule ule wa mtoto.

"Hapana," nilisema. "Pasua ndefu. Zote ndefu."

Mbao ndefu hufupishwa kwa dakika chache, na hilo lilitosha kuwa sababu ya kikazi, ingawa sote wawili tulijua halikuwa sababu yenyewe. Mimi hula kwa kuagizwa na wateja, na kila asubuhi huomba waje. Basi lilipotoka Juba niliomba kinyume: mbao zile zikae ukutani mpaka zishike vumbi, na asije mtu kuzivuta.