Koti Juu ya Tivii ya Wakwe

Jamani, mwanaume wa miaka arobaini na minne kuingia ukweni na mashine ya gemu kwenye begi ni aibu tosha, lakini mimi nikaichomeka kabisa kwenye tivii yao!

Ilikuwa siku ya kujitambulisha kwa kina Upendo, mchumba wangu, kule Mafinga. Nimezunguka mikoa, nimehama vyumba sijui vingapi, ila ile mashine ya ujana wangu wa Soweto, Mbeya, sijawahi kuiacha. Basi tukawa tunamsubiri mzee atoke kiwanda cha mbao, sebule imejaa mashangazi (kila mmoja na sweta, baridi ya Mafinga mnaijua), nikaona nichangamshe. Nikachomeka waya, muziki ukalia, nikaropoka, "Mama, mwoneni shujaa wangu! Huyu ndiye aliyenifundisha ujasiri!"

Akatokea. Mwanamke, upanga mkononi, katikati ya theluji, kavaa vitambaa viwili ambavyo hata ukiviunga hupati leso. Nyuma yake wanaume sita, vyuma mpaka puani. Naapa, miaka yote ile sikuliona hilo! (Tulikuwa tunagombania zamu tu.) Nikabonyeza kuzima, picha ikaganda, tena kainama. Mbele ya mama mkwe! Nikavua koti la suti, nikaivisha tivii, na hapo hapo mzee akaingia.

"Mkwe, tivii nayo inasikia baridi?"

Mama mkwe akalifunua taratibu. "Si tivii, Baba Upendo, ni huyu binti. Wenzake wamevaa mabati, yeye wamempeleka vitani nusu uchi. Nani alimshonea?"

Mashangazi wakaangua kicheko. Upendo hakucheka. "Na mimi ndivyo unavyonitaka? Nipigane nusu uchi huku unanitazama?"

Nikasema ukweli, sikuwa na kingine. "Nilimpenda kwa sababu alikuwa hashindwi. Nguo zake sikuwahi kuziuliza. Nilipaswa kuuliza."

Mzee akasimama. "Kujitambulisha umejitambulisha. Jibu tutakupa ukirudi."

Upendo akanisindikiza mpaka barabarani. "Siku hizi zipo gemu ambazo wanawake wanavaa kama watu. Tafuta moja uje nayo, nikufunge."

Nikaitafuta Iringa nzima, nikaipata, nikarudi nayo ukweni! Mwanamke ana ngao, ana buti, ana koti zito, na anapiga balaa. Upendo kanifunga mara kumi na moja, mama mkwe anashangilia upande wake, na wazee wamenikubali. Nami nimekula kiapo: chochote nilichokipenda ujanani, kabla sijawaonyesha watu, nitakitazama kwanza mwenyewe.