Kumbukumbu za Profesa

Fundi wa kompyuta wa ofisi ya maji aliitwa Profesa, jina alilojipa mwenyewe. Miaka kumi na mmoja alitembea kifua mbele, akijigamba kwamba kompyuta kuu inaweka kumbukumbu ya kila programu na aliyeiendesha. Kila asubuhi aliandika amri ya kuziwasha kumbukumbu hizo, bila kutaja faili la kuzihifadhi. Maelekezo hakuyasoma, kusoma aliwaachia wajinga.

Siku orodha ya wateja ilipofutika, alimgeukia mpigachapa wa ofisi, mama wa watu, akidai ndiye aliyeifuta.

"Mama, leo utafukuzwa. Kumbukumbu hazisemi uongo."

"Zifungue basi, mwanangu," mama akajibu.

Meneja, aliyeitwa kushuhudia, akainama kwenye skrini. Mstari wa mwisho wa kumbukumbu ulikuwa wa siku Profesa alipoanza kazi. Akafungua maelekezo, akasoma kwa sauti: amri hiyo isipotajiwa faili, huzima kumbukumbu.

"Kumbe miaka yote ulikuwa unazima," meneja akasema. "Huna ushahidi. Mama, rudi mezani kwako."

Profesa akabaki kukodoa macho kama samaki sokoni. Mama akavaa miwani.

"Njoo, Profesa, nikusomee na ukurasa wa pili."