Milioni Moja na Moja

Neno "tasa" nilikuwa siliandiki ubaoni. Miaka yote niliyofundisha hesabu hapa Nkuhungu, mada ya namba tasa ikifika nilimwachia mwalimu mwenzangu, mimi nikamfundishia mada yake ya sehemu. Alijua kwa nini, na mtaa mzima ulijua: nimeolewa, sijazaa. Wifi yangu ndiye mkumbushaji. Kila Jumapili tukikutana kula kwa mama mkwe, Miyuji, hakosi kuniimbia, "Asiye na mwana aeleke jiwe." Mimi mkali, nakiri, lakini pale nilikuwa nameza tu. Iliniuma, sifichi.

Mwaka huu mwenzangu kahamishiwa Chamwino, basi chaki ikabaki mkononi mwangu. Nilipoandika tu "Namba Tasa", darasa la tano likaanza kucheka chinichini, na macho yakamgeukia binti wa wifi, aliyekaa dawati la mbele kainamisha kichwa. Nikajiambia, leo nifundishe au niache kazi.

Nikaandika 1,000,001. Nikawaeleza kuwa tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe; je, hii ni tasa? Wakajaribu mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara kitu kinabaki. Wakasema ni tasa, tuendelee. Nikagoma.

"Huyu hahukumiwi kwa majaribio sita," nikasema. Vicheko vikaisha.

Madawati yalikuwa ishirini. Nikaanzia nyuma, kila dawati nikalipatia tasa yake, kumi na saba, kumi na tisa, nikipanda hivyo hivyo. Dawati la binti wa wifi likapata ya mwisho, mia moja na moja. Nilimwekea makusudi. Akagawanya, akafuta, akarudia, kisha akasimama: hakibaki kitu, jibu ni 9,901.

Hiyo 9,901 nayo ilitutoa jasho. Tuliijaribu kwa kila tasa mpaka tisini na saba, maana mia mara mia imeshaipita, kengele ikalia hakuna aliyenyanyuka, na haikugawanyika. Mia moja na moja nayo ni tasa. Yaani tasa mbili ndizo zilizoizaa milioni moja na moja. Nilitoka darasani nimevimba kwa fahari, na vumbi la chaki sikulipangusa.

Jumapili, sahani hazijakaa sawa, wifi akaanza wimbo wake wa jiwe. Binti yake akamkatiza kwa adabu.

"Mama, kila namba ukiivunja mpaka mwisho unakuta tasa. Zisingekuwepo tasa, hizo nyingine zisingezaliwa."

Wifi akakodolea macho ugali wake. Mama mkwe, ambaye hajawahi kukaa darasani, akanisogezea bakuli la mlenda, akamwambia mjukuu wake arudie maneno hayo, taratibu, ili kila mtu ayasikie. Akarudia. Siku hiyo nilikula nikashiba.