Nilimkaba Mtani Wangu kwa Bei ya Sabuni

Jamani, nimekosa! Nimemkaba mtu mpaka kaburini, tena nikicheka, naye akicheka. Msinihurumie.

Mimi ni karani wa manunuzi katika magazini, duka moja kubwa la Wazungu, hapa Elisabethville. Marehemu, nimwite Ilunga, alikuwa akipika sabuni uani kwake kule cité, mtaa wa Waafrika: mawese, magadi makali, pipa la chuma na moto wa kuni. Vijana wawili walimshikia pipa, yeye akikoroga. Sabuni nzuri! Kina mama wa sokoni waliigombania.

Mimi ndiye niliyemtoa sokoni. Nilimwambia alete yote kwetu, atalala usingizi. Akaleta yote. Wale mama wakatafuta sabuni kwingine, wakamsahau.

Hapo ndipo Bwana, Mzungu mwenye magazini, aliponiita: bei ishuke. Nilikwenda kwa Ilunga bila hofu kwa sababu moja tu, nayo ni ya aibu. Kabila lake na langu ni watani. Mtani hakasirikiwi. Ukimtukana anacheka, ukimchukulia kuku wake anacheka, ndivyo tulivyowakuta babu zetu.

"Weye mutumwa!" nikamwambia mlangoni. "Babu yako tulimuuzisha kwa munyu, kwa chumvi tu, leo weye njo unajua bei? Punguza!"

"Na babu yako njo alibeba ile munyu ku kichwa!" akajibu, akacheka mpaka akashika tumbo. Akapunguza.

Bwana akafurahi, akanipa baiskeli. Haukupita muda akataka ishuke tena. Nikarudi na matusi mapya. Ilunga akacheka, akapunguza. Nikarudi tena! Safari hiyo alicheka meno tu, halafu akasema polepole:

"Mutani, bale batoto ba pipa nimebafukuza. Sina tena ya kubalipa."

"Weye mwenyewe hauna mikono?"

Ee Mungu wangu! Nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa mbwa.

Akakoroga peke yake. Pipa likampindukia, magadi yanachemka, yakamuunguza toka kifuani mpaka miguuni. Hospitali ikawarudishia nduguze maiti.

Kazini Bwana aliuliza jambo moja tu: nani mwingine anapika sabuni? Nikamtajia jina. Ndiyo, nilimtajia, siku ileile!

Sasa, kwenye mazishi mtani ana kazi yake. Analala njiani mbele ya jeneza, anadai alipwe ndipo lipite. Wafiwa wanacheka kidogo, machozi yanapata nafuu. Nisingekwenda ingekuwa tusi. Nikaenda, nikalala kwenye vumbi na tai yangu shingoni.

"Hapana kupita! Munilipe kwanza!"

Hakuna aliyecheka. Mjane akasogea, akanitazama pale chini.

"Unaomba ngapi, mutani?"

Nikataja.

"Iko mingi. Punguza."

Nikapunguza.

"Punguza tena."

Wabebaji wamesimama na jeneza mabegani, jua kali. Nikapunguza. Akasema tena, nikapunguza tena. Nikasema basi, sitaki kitu.

"Umeona?" akasema. "Hata weye unaweza kutumika bure. Lamuka, tupite."

Nikaamka, wakapita.

Tangu siku hiyo watu wa kabila lile wakinikuta njiani wananisalimu kwa heshima, "Bonjour, mesye karani," na wanaendelea na safari yao. Hakuna anayenitukana tena. Hamjui inavyouma!

Na kazi sijaiacha. Nina watoto, na Bwana anataka yule mpya naye apunguze. Nitakwenda, kwa sababu mimi ni mwoga, na nimeshajijua.

Kwa hiyo ninyi mnaopika sabuni, mnaoshona viatu, mnaogonga ndoo, nisikilizeni. Msiwaache kina mama wa sokoni kwa maneno ya mtu mwenye tai. Na mkiniona ninakuja kwenu na baiskeli yangu, nikicheka toka mbali, fungeni mlango!